Safu Moja ya Matawi

Göteborg, 24 Oktoba 1971

Mdogo wangu Raili,

Wewe, Baba na mdogo wangu Jouko, yule bwana mkubwa, hamjambo? Huku mimi mzima, ila mgongo. Kiwandani wamenihamishia kwenye milango. Kutwa nzima milango ya magari inanijia ikining'inia kwenye cheni, nami naifunga bawaba, unafunga huu na mwingine umeshafika. Waswidi ni watu wema lakini kahawa yao ni maji ya kuoshea vikombe. Mwambie Baba soksi zimefika, na kwamba moja ni ndefu kuliko mwenzake kama kawaida yako.

Ng'ombe je? Mansikki ameshazaa? Goti la Baba likoje na baridi hii? Unaniandikia habari za mchungaji na za bibi wa posta, za nyumbani kwetu unaziruka.

Sasa la maana. Pikipiki yangu. Nilimwachia Jouko aitumie majira ya joto kwendea kazini msituni, sikumpa. Mwaka jana aliiacha ng'ambo ya ziwa kwenye banda la Hakkarainen, panya wakala kiti na tangi likashika kutu ndani. Nilipokuja Juni nilimaliza likizo yangu nikiwa na kabureta mapajani. Mwaka huu sitaki hadithi hiyo. Mwambie hivi, na mwambie taratibu kwa sababu kichwa chake unakijua: aende mara ya mwisho mjini, abadilishe oili, ajaze tangi mpaka mdomoni ili kutu isipate nafasi, halafu arudi nayo nyumbani kisiwani kabla kivuko hakijasimama. Aiweke kwenye ghala la nafaka, penye ukavu. Betri aiingize ndani ya nyumba. Matairi yasiguse chini. Kwenye ekzosi asokomeze kitambaa chenye oili, panya wakale kwingine.

Nikija likizo Juni nataka kupiga teke mara mbili tu, iwake.

Kaka yako,
Taisto


Kisiwani, 11 Novemba 1971

Kaka Taisto,

Salamu zako zimefika pamoja na matusi ya soksi. Mansikki kazaa dume, limeshauzwa. Goti la Baba ni lilelile, anapanda ngazi kama anahesabu vidato, lakini ukimshika mkono anakuuliza kama umeona anaanguka. Bibi wa posta anakusalimu, sikutaka kuandika lakini ameniomba.

Pikipiki imekwama ng'ambo. Usinikasirikie mimi. Jouko alikuwa kambini msituni, baridi ikashuka ghafla wiki mbili kabla ya wakati wake, ukoko wa barafu ukaenea kwenye mlango wa ziwa na kivuko kikasimama. Kwa hiyo iko kwa Hakkarainen. Jouko mwenyewe alikuja jana na mashua ya posta, ile ya kuburuta, nusu wanapiga makasia na nusu wanasukuma. Akafika amelowa mpaka kiunoni akicheka.

Jioni alimwandama Baba, ambaye alikuwa anashona wavu.

"Baba, ukichomeka tu matawi ya njia kwenye barafu, mimi naivusha."

"Utaivusha safu ya pili ikisimama."

"Ya pili mpaka Krismasi!"

"Basi Krismasi. Safu moja ni barafu ya kubeba miguu, safu mbili ni ya farasi na injini. Wewe ulizaliwa wapi, Helsinki?"

"Pikipiki si farasi, Baba. Ni nyepesi."

"Umeipima?"

Jouko akanuna, na Baba naye hakumwacha. Akasema, "Kaka yako alikuwa na miaka saba, anaisoma barafu hii kuliko mchungaji anavyoisoma Biblia. Sikuwahi kumwambia kitu mara mbili. Wewe nakwambia mara kumi na bado unaniuliza uzito wa farasi."

Kwa hiyo panya watakula kiti kidogo mpaka Krismasi. Vumilia.

Raili


Göteborg, 18 Novemba 1971

Raili,

Nimesoma. Huku mvua tu, hakuna theluji wala barafu, ni giza linalochuruzika. Jirani yangu wa bwenini anatoka kwetu kwetu, upande wa Kuhmo, tunakaa tunatiana uchungu kwa kutajiana majina ya samaki.

Krismasi! Mpaka Krismasi plagi zitakuwa zimeota nywele. Huyo Jouko ana miaka kumi na tisa na bado anamwomba Baba ruhusa kama anaomba kwenda chooni. Mwulize kama anataka nimtumie kigari cha mtoto, aipakie humo aisukume.

Mengine nitamwambia mwenyewe. Mwambie Jumamosi ya tarehe 27, saa za mchana, awe dukani ng'ambo karibu na simu. Kuna mambo mwanamume anaambiwa kwa mdomo.

Msalimie Baba. Mwambie nasema afunge goti kwa sufi.

Taisto


Kisiwani, 1 Desemba 1971

Kaka Taisto,

Simu ya maandishi umeshaipata, mchungaji aliituma Jumatatu. Ilikuwa na maneno machache kwa sababu sikuwa na mengine. Sasa nakuandikia yote, mara moja tu.

Matawi Baba alikuwa ameyachomeka Alhamisi. Safu moja. Alitoboa barafu kwa mtaimbo kila hatua chache kama anavyofanya siku zote, goti na yote, nami nikimfuata na mzigo wa misonobari. Watu wa miguu wakaanza kupita.

Jumamosi Jouko alitembea kuja nyumbani kutoka dukani. Alinikuta zizini nakamua. Alikuwa na furaha ile yake ya kuficha kitu. Akaniambia, "Taisto kasema safu moja inatosha. Kasema usisimame tu, wala usipunguze mafuta, inateleza juu kabla barafu haijajua. Kasema yeye alivuka hivyo mwaka wa sitini na nne na Baba hajui mpaka leo." Nilicheka, Taisto. Nilimwambia acha upuuzi, lakini nilisema huku nikicheka.

Ni kweli ulivuka?

Usiku ule theluji ilianguka, nzito, ya maji. Unajua inavyofanya, inaikalia barafu changa na kuipasha joto kama blanketi. Asubuhi watu walikwenda kanisani kwa Jumapili ya Majilio, wakapita wote salama, na Jouko alikuwa nao. Walipoondoka Baba alisimama dirishani muda mrefu. Akasema, "Siipendi hiyo. Nikimaliza kahawa nakwenda kuyang'oa matawi yote, mpaka baridi irudi." Akavaa buti moja. Goti likamkataza ya pili. Akakaa amalizie kikombe.

Tukasikia injini kwa mbali. Baba akasimama na kikombe mkononi. Halafu hatukuisikia tena.

Tulimtoa Jouko majini kwa kulabu na ngazi, Hakkarainen na vijana wake kutoka upande wao, mimi na Baba kutoka wetu. Maji pale hayana kina kirefu. Helmeti ilikuwa bado kichwani. Harufu ya petroli ilikuwa imetapakaa kote juu ya maji, maana alikuwa amejaza tangi mpaka mdomoni, kama ulivyomwagiza.

Kwa Baba sijasema kitu kuhusu simu. Hakuna aliyesikia ila mimi.

Maziko ni tarehe 12. Makaburini watawasha moto ardhi ilainike. Njoo. Nitakutandikia kitanda chako.

Raili


Göteborg, 21 Desemba 1971

Mpendwa Raili,

Nisamehe kuchelewa. Meli za wiki ile zilikuwa na dhoruba, wengine walirudishwa bandarini. Kazini pia kuna zamu za mwisho wa mwaka na msimamizi hatoi ruhusa kirahisi, hasa kwa sisi wageni. Nilimweleza, akanipa pole, akaniuliza kama mdogo wangu alikuwa mgonjwa. Nikasema ndiyo.

Nimetuma shada kupitia duka la maua la huku, walisema wana mwenzao mjini kwetu. Natumai lilifika na kwamba halikuwa na riboni za rangi ya waridi, mimi niliagiza nyeupe. Nimetuma na kahawa pakiti nne.

Huku theluji imeanguka kidogo, ikayeyuka. Wamenirudisha kutoka milangoni, sasa niko kwenye viti. Kazi ya viti ni nyepesi zaidi, unakaa. Jirani wa Kuhmo amekwenda kwao kwa sikukuu, chumba kimekuwa kikubwa.

Simu ile ilikuwa na kelele nyingi. Hujui huyu anasikia nini na yule anasema nini.

Uwashe mshumaa kaburini kwa niaba yangu usiku wa Krismasi. Na wa Mama.

Taisto


Kisiwani, 9 Januari 1972

Kaka Taisto,

Shada lilifika, riboni zilikuwa nyeupe. Mishumaa niliwasha mitatu, wa tatu ulikuwa wako. Kahawa tunakunywa. Watu walikuja wengi, mkate wa iliki niliooka haukutosha, ikabidi mke wa Hakkarainen akimbie kwake. Mchungaji alihubiri vizuri. Walikuulizia wote, nikawaambia habari za dhoruba.

Hayo ndiyo ya salamu. Sasa nisikilize.

Baba anasema amemuua Jouko. Hasemi kwa kulia, anasema kama anakuambia siku ya juma. "Niliyaacha yamesimama." Mchungaji alimwambia ni mapenzi ya Mungu, Baba akamjibu kwamba Mungu hakuwa na matawi, matawi alikuwa nayo yeye. Wiki ya pili ya Desemba alikwenda akang'oa safu yote, akayaburuta pwani akayachoma, na wakati huo barafu ilikuwa imeshakuwa nene ya kubeba lori. Waliokuja kumwomba achomeke safu mbili kama miaka yote amewafukuza mlangoni. Miaka arobaini na moja amechomeka matawi, Taisto, na hakuna aliyelowa kiatu. Sasa watu wanavuka kiholela, na kila anayevuka Baba anasimama dirishani hadi amfikishe ng'ambo kwa macho.

Hali chakula. Vijiko viwili vitatu, basi. Mchana anachukua mtaimbo na ndoo, anakwenda pale alipozama Jouko, palipofunga upya, anapindua ndoo anakaa. Nikimfuata ananiambia nirudi, nitapata baridi. Daktari alikuja na mbao zake za kutelezea theluji, akampa vidonge, akaniambia pembeni nisimwache peke yake na nifiche bunduki ya kuwindia. Nimeificha chini ya viazi. Mtaimbo nitauficha wapi, kila mtu anao?

Kuna kitu kimoja tu kitakachomtua huo mzigo, nacho unacho wewe. Mwandikie ulichomwambia Jouko kwenye simu. Mwandikie kwamba Jouko angevuka hata kama matawi yasingekuwapo, kwa sababu kaka yake mkubwa alimwambia inawezekana. Mimi nikisema ni uvumi. Lazima kitoke kwako.

Najua ninachokuomba. Najua atakavyokuona baada ya hapo. Lakini wewe una miaka thelathini na mgongo tu unaokuuma. Yeye hana kingine.

Raili


Göteborg, 22 Februari 1972

Raili,

Barua yako nimeipata zamani. Huku flu ilipita bweni zima, nami nililala siku kadhaa.

Sijui unataka nini kwangu. Watu wanasema mambo kwenye simu, wanatania. Jouko alikuwa mwanamume, alikuwa na macho, aliiona theluji aliyokuwa anaikanyaga asubuhi ileile akienda kanisani. Mimi nilikuwa huku nafunga bawaba. Unanikalisha mezani kama karani wa mahakama.

Baba ni mzee, wazee wanashika jambo. Majira yakigeuka atageuka. Nitazungumza naye nikija Juni, uso kwa uso, kama watu. Kwenye karatasi haisemeki.

Nakutumia kitambaa cha pazia, kilikuwa kimepunguzwa bei.

Taisto


Kisiwani, 6 Machi 1972

Taisto,

Jana nimemkuta Baba amelala kifudifudi juu ya barafu, pale, ameondoa theluji kwa mikono, anatazama chini. Nikadhani amekwisha. Nilipomgeuza akaniambia, "Sioni pikipiki. Maji yamechafuka." Ndevu zilikuwa zimegandia barafu, ikabidi nizipulizie pumzi zibanduke.

Juni ni mbali. Ukija Juni huenda ukanikuta peke yangu na pazia lako.

Kama hilo nililokuomba hulileti, usiniandikie lingine.

Raili


Göteborg, 30 Aprili 1972

Mdogo wangu Raili,

Sikuandika kwa sababu ulinikataza, na kwa sababu kila nilipokaa kuandika niliishia kwenye hali ya hewa. Nje vijana wanaimba, kesho ni Mei Mosi, wamevaa kofia nyeupe na wamelewa. Jirani wa Kuhmo ameniuliza mara tatu kama naumwa. Leo sinyanyuki hapa.

Chini ya mstari huu ni ya Baba. Msomee wewe, kwa sauti, macho yake hayawezi mwandiko wangu. Usiruke neno.

Baba,

Siku ile nilimpigia Jouko dukani. Aliniambia safu moja imesimama na wewe umesema asubiri ya pili. Nikamwambia safu moja inatosha kwa pikipiki. Akasema, "Baba atanichinja." Nikamwambia, "Basi kaa na Baba umkamulie ng'ombe, mimi nitampa pikipiki mtu mwenye suruali." Hayo ndiyo maneno yangu, sikutania, nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya kiti na tangi. Nikamwambia nami nilivuka hivyo mwaka wa sitini na nne. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli, nikaapa.

Si kweli, Baba. Mwaka wa sitini na nne nilifika nayo mpaka mwanzo wa matawi, nikaisikia barafu ikilia, nikaogopa, nikarudi nyuma, nikailaza kwa Hakkarainen. Jouko nilimdanganya ili aone haya.

Wewe ulichomeka matawi ya watu wa miguu na watu wa miguu wote wamefika. Yeye hakuvuka kwa sababu ya matawi yako. Alivuka kwa sababu yangu. Ungeyang'oa mapema angevuka vilevile, kwa kufuata nyayo za asubuhi.

Kwenye maziko hakukuwa na dhoruba. Nilifika Stockholm na sanduku, nikaiona meli, nikapanda treni nikarudi.

Nifanyie utakavyo.

Mwanao Taisto


Kisiwani, 24 Mei 1972

Kaka Taisto,

Barafu iliondoka tarehe 13, kwa upepo, kwa siku moja. Mansikki na wenzake wako malishoni. Viazi tumepanda nusu. Bibi wa posta ameolewa na mtu wa kivuko, kwa hiyo hakusalimu tena.

Barua yako ilikuja maji yakiwa bado machafu. Nilikaa nayo siku mbili mfukoni, naogopa. Siku hizo Baba na Hakkarainen walikuwa wametoa pikipiki kwa winchi ya mbao. Baba aliivunja yote vipande, akavipeleka kwenye sauna, akawasha moto mdogo vikauke. Alikuwa anakaa humo na kitambaa na kopo la oili, anafuta kimoja kimoja na kukipanga kwenye benchi. Nikaona afadhali humo, hakuna mtu anayepita.

Nikamwambia, "Baba, Taisto kaandika. Kasema nikusomee."

"Soma."

Nilisoma kwa sauti kama ulivyotaka. Sikuruka neno, hata lile la suruali. Baba aliendelea kufuta mpaka pale pa mwaka wa sitini na nne, hapo akasimamisha mikono. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia pale pa simu." Nikarudia.

Taisto, alicheka. Sijamsikia akicheka tangu Novemba. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kile kitambaa cha oili, akabaki na mstari mweusi shavuni.

"Huyo Taisto!" akasema. "Huyo Taisto, huyo! Unakumbuka dirisha la shule? Alivunja Jouko, bado mtoto wa miaka mitatu, akaenda yeye kwa mwalimu akala fimbo. Na ule wavu wa Hakkarainen. Mtoto huyu tangu zamani anajitwika ya wenzake."

Nikasema, "Baba, ni kweli. Jouko mwenyewe aliniambia zizini Jumamosi ile. Neno kwa neno."

Akanitazama vizuri sana. "Nawe pia," akasema. "Mmepanga lini, nyinyi wawili? Kwa barua?"

"Hatujapanga kitu! Naapa, Baba. Mbele ya Mama aliyeko kaburini."

"Usimwapie mama yako kwa uongo, hata uongo mwema." Akanipapasa mkono, mkono wake ukanipaka oili. "Raili, fikiri. Mtoto aliyekulia kwenye barafu hii, niliyemfundisha mimi, amwambie mdogo wake apite na injini kwenye safu moja? Mlevi hasemi hilo. Mswidi hasemi hilo. Hata yeye mwenyewe hapo anasema alifika, akaisikia ikilia, akarudi. Umesikia? Hapo ndipo ukweli umemponyoka. Huyo ndiye Taisto."

Nililia, nikampigia kelele. Nilimwambia yeye ni mpumbavu mzee na kwamba mtoto wake mkubwa ndiye aliyemtuma mdogo. Akaningoja nimalize kama anavyongoja mvua. Akasema kila mtu ana lake, na lake yeye analijua, hakuna haja ya kumnyang'anya.

Jioni alikula. Sahani mbili, samaki na viazi vya mwaka jana. Akaomba na mkate. Mimi nilikaa mbele yake nikamtazama akitafuna, sikujua nifurahi au nimrushie sahani. Ungeandika Januari, wakati bado ana hasira, huenda angekuamini. Wakati ule alikuwa anatafuta wa kumlaumu na hakumpata ila yeye. Sasa ameshazoea. Barua yako haikumwondolea kitu, imemwongezea mtoto mwema. Nakuchukia kwa miezi ile, Taisto, na usiku uleule niliisoma tena barua yako peke yangu na nikakulilia wewe uliyesimama Stockholm na sanduku.

Kuna moja la mwisho, nalo ndilo hasa la barua hii.

Juzi walikuja watu wa baraza la barabara. Kisiwa hakiwezi kukaa majira mengine ya baridi bila mtu wa matawi, na mwezi wa pili farasi wa mchonga mawe alizama mguu, wakaogopa. Walimwomba Baba arudi. Akakataa. Wakasema basi ataje mtu, watamkubali yeyote atakayemtaja yeye, mshahara na gharama za kuhamia watazitafuta wao. Baba hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Mwanangu mkubwa. Yuko Sweden lakini atarudi, ni mtoto wa kurudi. Alifika mpaka mwanzo wa matawi, akaisikia, akageuka. Mtu wa hivyo ndiye unamkabidhi watoto wa watu."

Wakanitazama mimi, wanajua mimi ndiye ninayeandika barua. Nikafungua mdomo. Baba alikuwa ananitabasamia, na ule mstari wa oili haukuwa umetoka shavuni.

Jina lako limeandikwa kwenye daftari la baraza. Nililitamka mimi, herufi kwa herufi, kwa sababu karani wao aliniuliza linaandikwaje.

Raili